Gujarat Ionekanayo Kutoka Feri

Watu waendao Feri huenda kwa moja ya mambo mawili: samaki au pantoni. Mimi tangu nilipostaafu ualimu mkuu mwaka 2009 naishi Kigamboni, na ingawa daraja lilifunguliwa mwaka 2016, bado napenda kuvuka kwa pantoni. Anayepita darajani huuona mji upande wa mgongo, bali wa pantoni huuona usoni. Mbele yake liko soko la samaki la Magogoni, lililojengwa kwa msaada wa Wajapani, kisha majengo ya Kivukoni, mnara wa kanisa la Azania Front na ile ya Mtakatifu Yosefu. Na nyuma ya hayo yote, kwa anayeujua mji huu, iko India.

Nasema India, lakini mwalimu hapaswi kusema ovyo. Hao tunaowaita Wahindi hapa Dar es Salaam, sehemu kubwa yao asili yao si India yote. Ni jimbo moja la magharibi liitwalo Gujarat, hasa pande zake mbili za baharini, yaani Kutch na Kathiawar. Jimbo hilo lina pwani ndefu kuliko jimbo lingine lolote la India, na pepo zetu ndizo pepo zao. Kaskazi ikivuma ilivishusha vyombo kutoka kwao mpaka kwetu. Kusi ikishika iliwarudisha. Majahazi yao tuliyaita makotia. Huko Mandvi, katika Kutch, mafundi wangali wakiunda vyombo vikubwa vya mbao kandokando ya mto Rukmavati. Kwa hiyo mtu akisimama Feri wakati wa kaskazi, upepo unaompiga usoni ndio uliowaleta kina Sewa Haji.

Sewa Haji Paroo huyu, kwa wasiomjua, alikuwa tajiri wa Bagamoyo ambaye familia yake ilitoka Kutch. Alifariki mwaka 1897. Fedha zake ndizo zilizojenga hospitali ya kwanza ya wananchi hapa mjini, na ndiyo maana hadi leo pale Muhimbili mtu huambiwa, "Mgonjwa wako yuko Sewahaji." Nimewauliza vijana wengi Sewahaji ni nini. Wengi hudhani ni neno la kidaktari.

Ukitoka Feri kwa miguu, ukaiacha Sokoine Drive na kukata kuingia Mtaa wa Mosque, utaliona jengo la Jamatkhana la Waismailia lenye mnara wa saa, lililokamilika mwaka 1930. Mbele kidogo uko Mtaa wa Indira Gandhi, kisha Kisutu penye mahekalu ya Wahindu, udi ukinuka hadi barabarani. Ukifika Mnazi Mmoja, Uhindini imekwisha. Ule uwanja wakoloni waliuacha wazi kusudi, ili uwatenganishe Wahindi na Waafrika wa Kariakoo. Mji uligawanywa kama daftari la mahudhurio. Lakini lugha haikugawanyika hivyo. Nilipokuwa nikifundisha Kiswahili darasa la saba, nilikuwa nawaambia watoto wanitajie vitu vya nyumbani, nami nawaonyesha vilivyokuja na makotia: gari, gunia, cheti, bima, laki, pesa, embe. Watoto walifurahi sana kwa embe. Somo la siasa nalo lilikuwa na lake, kwani tulifundisha kwamba ubepari ni unyama, na hilo neno bepari asili yake ni la Kihindi, maana yake mfanyabiashara tu, mtu wa duka.

Mwaka 1971 nilikuwa Chuo cha Ualimu Mpwapwa, Serikali ilipotwaa majumba ya kupangisha yenye thamani iliyozidi shilingi 100,000. Chuoni tulishangilia, na sababu zilikuwapo, maana kodi za nyumba mjini zilikuwa zikiwaelemea watu. Lakini baada ya hapo familia nyingi ziliondoka kwenda Uingereza na Kanada, na mji ukapoteza mafundi saa, washonaji, wapiga picha na walimu wa hesabu. Waliobaki walibaki kwa sababu hawakuwa na kwingine. Jambo hili huwa halisemwi. Tunadhani kila Mhindi ana pasipoti mbili mfukoni.

Basi hiyo ndiyo Gujarat niliyoijua kwa miaka arobaini: ya mitaa sita, ganthia na chevda katika mfuko wa karatasi, na ngoma ya garba wakati wa sikukuu yao ya Navaratri, wanawake wakizunguka kwa duara huku wakipiga makofi. Ngoma hiyo mwaka 2023 iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Gujarat yenyewe sikutarajia kuiona, na ningependa kusema kwamba nilikwenda kutalii. Sivyo. Nilikwenda kwa sababu ya moyo wa mke wangu.

Mama watoto alikuwa akivimba miguu na kushindwa kupanda hata ngazi za pantoni. Madaktari walisema vali moja ya moyo imeharibika, inafaa ibadilishwe. Hii ilikuwa mwaka 2012, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilikuwa haijaanzishwa. Ilianzishwa mwaka 2015. Mgonjwa wa namna ile, kama ndugu zake wana uwezo, alipelekwa India. Uwezo wetu ulikuwa kiinua mgongo changu kilichobaki, kiwanja kimoja cha Kisarawe tulichokiuza, na michango ya wanafunzi wangu wa zamani, ambao baadhi yao niliwahi kuwachapa. Tukapata nafasi katika hospitali moja ya Ahmedabad, mji mkubwa kuliko yote ya Gujarat. Tuliingia siku za mwanzo za Januari 2013.

Mambo ya operesheni sitayaeleza sana. Yalichukua saa sita, nami nilikaa kwenye benchi. Asubuhi ya siku ya tatu nilipoambiwa yu hai na anaomba chai, nilitoka nje nikatembea bila kujua niendako. Wagonjwa wa chumba cha uangalizi huruhusiwa kuonwa dakika chache tu kwa siku, kwa hiyo nilikuwa na saa nyingi na fedha kidogo.

Ahmedabad ya zamani ina mitaa myembamba, nyumba za mbao zilizonakshiwa na vibanda vya kulishia ndege. Mwaka 2017 UNESCO iliutangaza kuwa mji wa kwanza wa India katika orodha ya urithi wa dunia. Nilifika kwenye msikiti mdogo karibu na Lal Darwaja, uko kando ya barabara yenye vurugu kama ya Kariakoo. Madirisha yake ya nyuma ni ya jiwe lililotobolewa. Moja limechongwa mti ambao matawi yake yanapindana na kusokotana, na jua hupita katikati. Huwezi kuamini ni jiwe. Nilidhani ni kazi ya mfalme fulani wa Kihindi. Kumbe msikiti huo, uliojengwa miaka ya 1572 na 1573, ulijengwa na Sidi Saiyyed, mtu mwenye asili ya Uhabeshi. Na ule mti wake ndio alama ya mji. Utauona kwenye vikasha vya zawadi na kwenye nembo ya chuo chao maarufu cha uongozi. Nilisimama pale muda mrefu. Nilifundisha historia zaidi ya miaka thelathini, na katika vitabu vyote tulivyoletewa Mwafrika wa upande wa pili wa Bahari ya Hindi alitajwa akiwa katika minyororo tu.

Masidi wako hadi leo. Ni watu wenye asili ya Afrika waliofika Gujarat kwa njia mbalimbali, wengine watumwa, wengine askari na mabaharia. Kiko kijiji chao Jambur, karibu na msitu wa Gir, na liko kaburi la walii wao Bava Gor upande wa Bharuch, anayehusishwa na biashara ya akiki. Hayo niliyasoma baadaye. Siku ile nilichokiona ni dereva wa bajaji. Nilipotaka kurudi hospitali nilisimamisha bajaji, dereva akageuka, nami nikasema kwa sauti, "Shikamoo!" Alikuwa na uso wa mtu wa Rufiji. Akatabasamu, akanijibu Kigujarati. Nikamwuliza kwa Kiswahili kwao ni wapi, akacheka, akajipiga kifuani, "Sidi, Sidi." Basi tukawa watu wawili tunaofanana, hakuna anayemwelewa mwenzie. Nikamtajia neno moja moja: maji, mama, nyumba. Hakuna. Nikapiga vidole kwenye bomba la kiti na kusema, "Ngoma." Akaachia usukani kwa mkono mmoja, akapiga naye. "Goma!" akasema. "Goma, goma!" Ndivyo wanavyoiita. Tulikwenda hivyo mpaka hospitalini, na nauli alikataa.

Nilimsimulia mke wangu. Alikuwa hajaruhusiwa kucheka kwa sababu ya kidonda cha kifuani, ikabidi ashike mto.

Chakula kilinitesa. Watu wa Ahmedabad walio wengi hawali nyama wala samaki, na mimi ni mtu wa Feri. Kwa wiki tano nilikula dengu, viazi, mtindi na chapati nyembamba, vyote vitamu, lakini usiku nilikuwa naota kibua cha kukaanga. Pombe nayo ilikuwa imepigwa marufuku jimbo zima, jambo lisilonihusu, ingawa lilimsikitisha sana Mtanzania mmoja aliyekuwa akimwuguza babake chumba cha jirani.

Tarehe 14 Januari ni sikukuu yao ya tiara. Wote, wazee kwa watoto, hupanda juu ya paa. Muuguzi mmoja alinionea huruma, akanipeleka kwenye paa la hospitali, nikaona anga yote imejaa karatasi za rangi, maelfu, na kelele kila mara uzi wa mtu ulipokatwa. Nyuzi hizo hupakwa unga wa vioo ili zikate nyingine, na ndege wengi hujeruhiwa. Vijana wa kujitolea huzunguka mjini wakiwaokota na kuwapeleka kwa madaktari wa wanyama. Furaha na dhuluma katika uzi mmoja. Nilirudi chini na tiara moja ya kijani iliyoangukia pale paani, nikamtundikia mke wangu kwenye mpini wa kitanda.

Alipoanza kutembea aliniruhusu nikaone mambo mawili matatu. Nilikwenda Sabarmati, alikoishi Gandhi tangu 1917 hadi alipotoka kwa miguu kwenda kuchota chumvi ya bahari mwezi Machi 1930. Nilikwenda pia Adalaj, nje ya mji, kukiona kisima cha ngazi cha karne ya 15. Unateremka ghorofa tano chini ya ardhi, kati ya nguzo zilizochongwa maua na tembo, na kila hatua baridi inazidi. Nilimkumbuka mama yangu na visima vya kwetu Kisarawe, mtungi kichwani, tope miguuni. Sijawahi kufikiri kwamba kuteka maji kungeweza kujengewa kasri.

Gir sikufika. Ndiko mahali pekee duniani, nje ya Afrika, penye simba wa porini. Mwaka 2020 walihesabiwa 674, na mwaka 2025 wakawa 891, ilhali zaidi ya miaka mia moja nyuma walibaki wachache sana na mtawala wa Junagadh akazuia wasiwindwe. Nilipomwambia mke wangu ningetamani kwenda, alinitazama. "Mwalimu," akasema, "umetoka Tanzania uje utazame simba kwa Wahindi?" Jangwa la chumvi la Kutch nalo sikulifikia, wala Porbandar alikozaliwa Gandhi mwaka 1869. Huko Porbandar lipo jengo la kumbukumbu yake lililojengwa kwa fedha za Nanji Kalidas Mehta, aliyetajirika kwa sukari ya Lugazi, Uganda. Miwa ya kwetu imo katika kuta zile.

Tulirudi mwezi Februari. Mke wangu aliishi miaka sita zaidi, akavuka kwa pantoni mara nyingi, akamzika dada yake, akamwoza binti yetu mdogo. Alifariki mwaka 2019, na si kwa moyo.

Kuna mzee mmoja mwenye duka dogo karibu na Kisutu ambaye huniuzia ganthia. Nyumba tatu za zamani za mtaa wake zimekwisha vunjwa, zile zenye roshani na tarehe ya kujengwa juu ya mlango, yakapanda maghorofa ya vioo. Hata yeye hajui atakuwapo hadi lini. Nilipotoka India nilimpelekea kikasha chenye picha ya mti wa Sidi Saiyyed, nikidhani nampelekea cha kwao. Alikigeuzageuza. Akaniambia babu yake ndiye aliyetoka Kutch. Baba yake alizaliwa Bagamoyo, na yeye alizaliwa hapo hapo, ghorofa ya juu. Gujarat hajawahi kukanyaga.

Akavuta kiti. "Kaa, Mwalimu," akasema, "nieleze. Hivi Januari kule kuna joto?"

Nikamwambia asubuhi ni baridi, watu wanavaa masweta na kofia za sufu. Akamwita mkewe kutoka nyuma aje asikie.