Nilikwenda Lushoto Kuuza Shamba, Nikaishia Kupanda Kabichi

Kama wiki iliyopita hukuniona kijiweni, usidhani nilikuwa nimefulia. Nilikuwa Lushoto, kwenye milima ya Usambara, ambako mwezi wa saba ukitoka nje asubuhi unatoa moshi mdomoni na sigara huvuti.

Safari yenyewe haikuwa ya kutanua. Dingi alinituma. "Nenda kwa bibi yako, mwambie kile kipande cha bondeni tumekipatia mteja." Mimi kichwani nikawa nimeshapiga hesabu: nampanga bibi, narudi Dar, na changu hakikosekani.

Basi la Arusha likanishusha Mombo, joto kama la Kariakoo. Hapo nikadandia kosta. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kama kilomita 33, kona juu ya kona, bonde upande mmoja na mwamba upande wa pili. Ukishapita Soni na maporomoko yake, masikio yanaziba na abiria wanaanza kuvaa makoti. Wajerumani walivyoipenda baridi hii, mji wakauita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, jina la mfalme wao.

Kesho yake alfajiri bibi akanitupia jembe. "Mume wangu, twende kitivo." Nikacheka. Mimi niliyeishia fomu foo, kitivo ninachokijua ni cha Chuo Kikuu, na sijawahi kukikanyaga. Kumbe kwa Wasambaa kitivo ni ardhi ya bondeni yenye maji, ambako mboga zinalimwa hata kiangazi.

Kufika chini nikabaki mdomo wazi. Bonde zima limegawanywa vipande vipande kama kanga zilizoanikwa: hapa karoti, pale kabichi, kule letusi, viazi na pilipili hoho. Uzio hakuna. Kinachowaunganisha wenye vipande ni mfereji mmoja unaoshuka kutoka mlimani, na kila mmoja ana zamu yake ya maji. Siku ya kuuzibua wote wanatoka na majembe. Ukitegea, zamu yako ikifika utayaangalia maji yakienda kwa jirani.

Zamu ya bibi ilikuwa saa kumi na mbili. Kazi yangu ilikuwa kuziba na kuzibua njia ya maji kwa udongo, basi. Nikazubaa kidogo naangalia ukungu, kushtuka maji yameshabomoa tuta na kuvamia kabichi za mama mmoja wa upande wa pili. Miche yote chali. Nikajua leo nakula matusi ya kufungia mwaka. Yule mama akasema tu, "Mjukuu, utairudishia." Mpaka jioni nilikuwa nimepiga magoti kwenye tope, narudishia mche mmoja mmoja, vidole vimekufa ganzi.

Tukiwa pale ndipo akaniambia eneo analolima si lake. Kaazimwa na bibi yangu tangu alipofiwa na mumewe. Karoti zake hupanda lori kwenda Dar, na pesa hiyo ndiyo inayolipa mahitaji ya shule ya watoto wake. Msomaji, kipande alichokipatia dingi mteja ndicho hicho hicho.

Usiku, jikoni, nikamweleza bibi nilichotumwa. Hakufoka. Akaanza kunipa stori za zamani. Mwaka 1946 Waingereza walileta mpango wao kule Mlalo, watu wakalazimishwa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Wasambaa wakauchukia, wakagoma, na kabla ya Uhuru mpango ukawa umekufa. Mwaka 1981 ukaja mradi wa SECAP kwa msaada wa Wajerumani. Huo ulihimiza kupanda majani ya guatemala kukingama mteremko: yanashika udongo, ng'ombe anakula, samadi inarudi shambani. Hayo wengi waliyapanda, kwa sababu faida yake waliiona.

"Sisi tunasema kuzifya shi," bibi akaniambia. "Ni kuiponya nchi. Kuiharibu ni kubana shi. Sasa wewe mume wangu, ukiuza kile kipande umeuza na zamu ya maji. Yule mama utampeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikachochea kuni.

Nimerudi Dar na kiroba cha karoti, mkataba hauna sahihi. Dingi hajanisemesha siku ya tatu leo, ingawa karoti anazila. Na kile cha kwangu nilichokipigia hesabu ndiyo kimeota mbawa.

Wewe mwenye bibi kijijini, ukitumwa kama mimi, beba sweta. Na kabla hujazungumzia mteja, omba kwanza zamu moja ya maji.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.