Ukurasa wa 214

Kitabu kikifunguliwa juu ya skana huwa na sauti yake. Uti hulalamika kidogo, kifuniko hushuka, taa hupita ikiguna, kisha ni kusubiri. Kitabu chetu kilikuwa na kurasa zaidi ya 600, na maktaba ilitupa siku saba.

Mimi sioni tangu utotoni. Surua ilinipitia kwetu Kisauni, Mombasa, nikiwa na miaka minne, ikaondoka na nuru. Shuleni nilisoma kwa nukta nundu. Shahada ya kwanza ya sheria niliipata kwa masikio, wenzangu wakinisomea kwa zamu, Mungu awalipe. Kwa hiyo mwaka 2012, nilipoanza uzamili wa sheria ya kimataifa ya miliki bunifu jijini Nairobi, nilidhani nimeshazoea. Uzamili ni kazi nyingine. Kila wiki kuna mikataba, hukumu na makala, na mwalimu anataka uingie darasani ukiwa umeshabishana nazo. Nani ana muda wa kumsomea mtu kurasa 200 kwa wiki?

Kitabu kikuu cha somo la hakimiliki kilikuwa cha karatasi tu. Nikaiandikia maktaba moja ya wasioona huko Ulaya. Wakanijibu kwa upole mkubwa: wanacho, tena katika faili ambayo programu yangu ya kusoma skrini ingeisoma bila taabu. Ila sheria iliyowaruhusu kuitengeneza nakala hiyo ilikomea mpakani mwao. Hawakuweza kunitumia.

Niliisikiliza barua ile mara nne. Faili ipo, kompyuta ninayo, intaneti ninayo; kilichokosekana ni ruhusa. Usiku huohuo nilikuwa na zamu ya kusoma Mkataba wa Berne wa hakimiliki, ambao ibara yake ya 9 inaziachia nchi zenyewe kuamua ni lini kazi ya mtu inaweza kunakiliwa bila idhini yake. Kila nchi na mlango wake. Wenzangu waliikariri ibara ile kwa ajili ya mtihani. Mimi iliniuma.

Ndipo mdogo wangu aliposhika skana. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, akaja Nairobi kutafuta kibarua, tukibanana chumba kimoja Ngara. Mchana alibeba mizigo sokoni, usiku aligeuza kurasa. Stima ikipotea tulikaa gizani tukingoja, kisha tunaanza pale tulipoachia. Kompyuta nayo ilisoma ilivyotaka: tanbihi ziliingia katikati ya sentensi, hoja ya jaji ikakatwa na mwaka na namba ya juzuu, nami nikawa naunganisha vipande kichwani kama mtu anayeshona nguo iliyochanika.

Ukurasa wa 214 ulikuwa na doa la chai la msomaji wa zamani. Mdogo wangu akauinamia.

"Kaka, huu mstari wa mwisho hausomeki. Nikisie?"

"Usikisie. Andika kwamba hausomeki."

Muhula ule nilifeli somo moja, nikafunga begi nirudi Mombasa. Mama akanisikiliza kwenye simu mpaka nikamaliza. Akasema, "Kurudi utarudi, mwanangu. Lakini urudi na hicho kilichokupeleka." Nikalifungua begi.

Tarehe 27 Juni 2013 mwalimu wangu alinipigia simu akihema. Huko Marrakesh wajumbe walikuwa wameupitisha mkataba ambao watu wasioona duniani walikuwa wameudai kwa miaka. Hata mwanamuziki Stevie Wonder, naye asiyeona, alikwenda Geneva mwaka 2010 kuwasihi wajumbe. Mikataba ya hakimiliki niliyokuwa nimeisoma huanza na mwandishi na mchapishaji. Huu ulianza na msomaji. Ibara ya 5 inaruhusu nakala kama ile niliyonyimwa ivuke mpaka, na ya 6 inaruhusu ipokelewe. Nililia bila kujificha. Tasnifu yangu yote niliiandika juu ya ibara ya 5, na mwaka 2014 nikahitimu, mdogo wangu akinishika mkono kupanda jukwaani.

Lakini mkataba kupitishwa ni jambo moja, kufanya kazi ni jingine. Ulihitaji nchi 20, ukaanza kutumika tarehe 30 Septemba 2016. Kenya ilijiunga mwaka 2017. Kwa Umoja wa Ulaya ulianza tarehe 1 Januari 2019, na mwaka huohuo nikaiandikia tena maktaba ile.

Faili ilifika asubuhi moja nikiwa ofisini. Sikuanza mwanzo, nilikwenda moja kwa moja ukurasa wa 214, mstari wa mwisho, kisha nikampigia mdogo wangu.

"Ni tanbihi," nikamwambia. "Inataja siku Mkataba wa Berne ulipotiwa saini. 9 Septemba 1886."

Alinyamaza kidogo. Nyuma yake nilisikia mikokoteni ya soko.

"Basi kaka, ile faili yetu ya zamani unayo bado?"

"Ninayo."

"Pale nilipoandika hausomeki, ijaze."