Chuma Kisiwani

Mtu akaaye kisiwani na akapenda chuma amejichagulia kazi isiyo na mwisho. Kusi huleta chumvi, na kaskazi huleta yake. Na maleleji yanapoingia, upepo ukatulia, chumvi iliyokwisha kupenya haiondoki bali hukaa ikala. Bawaba za milango zayajua hayo, na nondo za madirisha ya Mji Mkongwe, na misumari ya mapaa ya mabati. Lakini mlango ulio na kutu hulalamika kwa sauti kila ukifunguliwa. Gari huliwa likiwa kimya, kwa ndani, mahali pasipofika jicho, ilhali nje linang'ara.

Gari langu ni Land Rover ya mwaka 1966, pikapu ya aina ya Series IIA, ile iliyotengenezwa tangu 1961 hadi 1971. Huitwa 109, kwa kuwa baina ya magurudumu yake ya mbele na ya nyuma pana inchi 109. Nalitunza kwa mikono yangu na kwa mikono ya watu wajuao kuliko mimi, na sitaki kumdanganya msomaji kwamba nafanya hivyo kwa kubana matumizi. Injini yake ya silinda nne, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, hunywa petroli kama mchanga unywavyo maji, na njiani hupitwa na kila daladala. Mwenye haja ya usafiri na anunue gari la Kijapani lililokwisha kutumika. Mengi ni mazuri, na sioni haya kupanda la jirani mvua inaponyesha, kwa sababu langu huvuja.

Haja yangu ni nyingine. Nataka kuwa na chombo kimoja duniani ninachoweza kukijua chote. Hufungua kifuniko cha distributa, nikazipima platini kwa kibati chembamba: nafasi baina yake iwe kati ya milimita 0.35 na 0.40. Ikizidi, cheche hudhoofika injini inapokwenda mbio. Ikipungua, platini huungua zikatoa kijipu upande mmoja na kishimo upande wa pili. Valvu nazo nafasi yake ni milimita 0.25. Cheche hufuatana katika silinda kwa mpango wa moja, tatu, nne, mbili, na aliyekwisha kuuzoea mpango huo huusikia kama vile mshairi asikiavyo mizani: silinda moja ikikosa, mshororo umepungua mizani, na huna haja ya kuhesabu kwa vidole ili ujue.

Na yapo maneno yenyewe. Rejeta, kabureta, platini, klachi, giaboksi: yalishuka bandarini pamoja na magari, yakaingia gereji, yakatoka na irabu mwishoni. Ncha za platini zamani zilitiwa madini ya platinamu. Baadaye ikatumika tungsteni, lakini jina halikubadilika. Wapo wanaoona maneno haya ni uchafu katika lugha. Mimi naona ni spea zilizochongwa upya zikakaa mahali pake, na zinafanya kazi.

Sasa turudi kwenye chumvi. Wapenzi wa gari hili husimulia kwamba mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover, alichora umbo lake la kwanza juu ya mchanga wa Red Wharf Bay, katika kisiwa cha Anglesey huko Wales. Tarehe 30 Aprili 1948 likaonyeshwa hadharani mjini Amsterdam. Uingereza ilikuwa ndiyo kwanza imetoka vitani; chuma kilitolewa kwa mgao, na alumini, ambayo viwanda vya ndege havikuihitaji tena kwa wingi ule, ilipatikana. Basi bodi ikafanywa ya alumini na chesesi ikafanywa ya chuma: mabati ya unene wa takriban milimita 2, yaliyochomelewa yakawa masanduku marefu yenye uwazi ndani. Kitu kilichochorwa ufukweni kingetarajiwa kuijua bahari. Hakikuijua.

Maji ya chumvi yakizikutanisha alumini na chuma, hutokea kitu mfano wa betri ndogo, na inayoliwa ni alumini: huvimba, ikatoa unga mweupe kama chokaa. Huo ni ugonjwa wa ngozi, na una dawa. Ugonjwa wa mifupa uko chini. Mchanga na maji huingia ndani ya chesesi kupitia matundu yaliyowekwa ili kuyatoa, matundu yakaziba, na chuma kikaliwa toka ndani kuja nje. Ndiyo maana waweza kuona Land Rover yenye madigadi safi kabisa, nayo imevunjika mgongo.

Langu lilikuwa limeishi pwani ya mashariki, likibeba mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na wanawake wa Paje na Jambiani wakakifanya kazi yao. Mwani mbichi hutiririsha maji ya bahari njia nzima, na kila tone lilipita juu ya chesesi ile. Sina lawama. Gari lililochoka kwa kubeba riziki za watu lina heshima kuliko lililohifadhiwa chini ya turubai kwa kutazamwa. Aliyeniuzia alikuwa amelipaka lami nyeusi chini kote, na lami juu ya kutu ni kama kilemba juu ya donda. Lakini hilo nililiona nikiwa bado na fedha zangu mfukoni, na bei tukaipunguza kwa ajili yake.

Jambo la ajabu tulilolikuta tulipoikwangua lami ile ni kwamba sehemu ya katikati, chini ya injini na giaboksi, ilikuwa nzima kama siku ilipotoka kiwandani. Sababu ni aibu ya kila Land Rover: huvuja oili. Miaka yote ile gari lilikuwa likijipaka mafuta lenyewe, tone kwa tone, na pale lilipovuja ndipo lilipopona.

Fundi aliyeniongoza hakustaajabu. Ni mtoto wa ukoo wa waunda majahazi, aliyeacha mbao akashika chuma tangu ujana wake, na kwake yeye tofauti ya vitu hivyo viwili si kubwa kama tunavyodhani sisi. Jahazi hupakwa sifa, yale mafuta ya papa yenye harufu isiyosahaulika, ili mbao zisiliwe na jua na maji. Chini hupakwa shahamu, mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa. Na vyote hivyo havipakwi mara moja bali kila msimu, maisha yote ya chombo. "Gari la kisiwani nalo lina misimu, Maalim," aliniambia. "Lipandishwe bandani lipakwe." Nilikuja kusoma kwamba hata kampuni ya rangi ya Rust-Oleum, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1921, husimulia asili yake kwa nahodha Robert Fergusson, aliyeona kwamba mafuta ya samaki yaliyomwagika juu ya sitaha yake ya chuma yalizuia kutu isienee. Nilimsomea Fundi habari hiyo. Akauliza ni samaki gani.

Basi kila mwaka, masika yakimalizika, huosha chesesi kwa maji baridi mengi ndani na nje, nikaiacha ikauke siku kadhaa, kisha nikaimiminia ndani oili iliyochanganywa na nta iliyoyeyushwa. Sifa sikuitia. Nilitaka, lakini nyumbani nilikatazwa, na kwa haki.

Ila mafuta hayafufui. Nyuma, pale springi zinaposhikwa, kilikuwapo chuma kilichokwisha kuwa magamba, na hapo ndipo mzaha unapokwisha. Kishikio cha springi kikichomoka gari likiwa na mzigo, ekseli hukimbilia upande, na waliokaa nyuma hawana cha kushika. Mapenzi ya vitu vya kale hayana ruhusa ya kuwaua watu. Nilikuwa na njia mbili. Uingereza huundwa chesesi mpya zilizochovywa katika zinki, na zinki huliwa yenyewe kwanza ili chuma kisalie. Rafiki yangu aliye huko alinihimiza niagize moja, akasema wapenzi wote wafanya hivyo. Ni ushauri mzuri. Mwenye uwezo wa bei na wa nauli ya meli namshauri aufuate, na nisingemcheka.

Mimi niliangalia mambo mawili. Kwanza, kasoro ilikuwa nyuma tu, na njia kuu mbili za chesesi zilikuwa nzima. Zingekuwa zimeoza, ningeagiza au ningeliacha gari lilale. Pili, Fundi alikuwa ameingiwa na mtoto wa jicho. Kijana anayejifunza kwake alikuwa hodari wa kuchomelea mageti na madirisha, lakini chesesi hakuwahi kuikata. Nikiagiza mpya, kazi ingekuwa ya kufungua bolti na kufunga bolti. Kijana asingejifunza lolote, na Fundi angeondoka na elimu yake kifuani. Jahazi hubadilishwa ubao mmoja leo na mwingine mwakani, na hakuna nahodha anayeuliza kama bado ni lile lile. Lakini sharti awepo mtu anayejua kuutoa ubao wa zamani pasi na kuutia chombo mashaka.

Tukaamua kukata. Betri ilitolewa, na tangi la petroli, ambalo katika pikapu hii lipo chini ya kiti, likapelekwa mbali kabisa na banda. Gari likawekwa juu ya magogo yaliyosawazishwa kwa pima maji, tukapima mishazari, toka pembe hii hadi pembe ile, tukaandika vipimo ukutani, kwa sababu chesesi iliyokatwa bila kupimwa hujikunja, na gari lake huenda upande kama kaa mpaka mwisho wa dunia. Kazi ya kujua pa kukata ilibaki. Hapo kanuni ya Fundi ni moja: kiraka hakichomelewi juu ya kutu, maana hakina pa kushika. Ukate mpaka ufike penye chuma hai, hata kama pako mbali kuliko mfuko wako unavyotaka.

Na chuma hai hakionekani, husikika. Mzee alikaa juu ya kigoda, kichwa kimeinama, kijana akawa anagonga kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua, toka nyuma kuja mbele. Palipoliwa palijibu kwa mshindo mfupi, mzito, kama wa nazi mbovu. Palipo pazima palilia. Baina ya hizo mbili pana masafa ya shibri moja ambayo mimi, na masikio yangu ya platini na mizani, sikuweza kuyapambanua. Kijana aligonga, akarudi nyuma vidole viwili, akagonga tena, akatia alama ya chaki. Mzee hakusema neno. Kijana akahamia upande wa pili, akagonga, akatia chaki, kisha akasita, akaifuta kwa kiganja na kuisogeza mbele kiasi cha upana wa kidole gumba.

"Hapo," akasema Fundi, naye akainuka kwenda kutia udhu. Kijana akachukua msumeno.