Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mifumo Mingi katika Tarakilishi Moja

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii ilitungwa kwa ajili ya watu, lakini yafaa kutajwa hata panapozungumziwa tarakilishi. Nyumbani mwa wanafunzi wengi, iwapo ipo tarakilishi, ni moja tu, nayo huendeshwa na mfumo mmoja, aghalabu Windows. Mwenyewe akitamani kuujaribu mfumo wa Linux, hudhani hana budi ama kununua mashine ya pili ama kuufuta mfumo alio nao. Dhana hiyo si sahihi. Mifumo miwili, mitatu au zaidi yaweza kuishi chini ya paa moja pasi na kugombana.

Njia yenyewe ni kuunda tarakilishi ya kidhahania ndani ya ile halisi. Programu maalumu, kwa mfano VirtualBox, ambayo tangu mwaka wa 2007 hupatikana bila malipo kwa matumizi ya nyumbani, hutenga sehemu ya kumbukumbu ya mashine na kuunda faili kubwa inayojifanya diski. Mfumo unaowekwa humo huitwa mgeni. Ule uliotangulia huitwa mwenyeji. Mgeni hujiona amepewa nyumba nzima, kumbe amepewa chumba. Akiharibika, kwa kawaida madhara huishia chumbani mwake: hufutwa, akaalikwa upya, naye mwenyeji asitikisike.

Fikra hii si changa. Wahandisi wa kampuni ya IBM waliishughulikia huko Cambridge, Marekani, katika miaka ya 1960, wakati tarakilishi moja ilipojaza chumba na gharama yake kuwalazimu watu wengi kuitumia kwa pamoja. Mwaka wa 1999 kampuni ya VMware iliuleta uwezo huo katika tarakilishi za mezani. Kuanzia 2005 na 2006, Intel na AMD zikautia katika vichakataji vyao uwezo wa kuirahisisha kazi hiyo.

Huenda msomi wa Kiswahili akauliza: hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Mwaka wa 2004, chini ya mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyomsemesha mtumiaji kwa Kiswahili. Kila neno katika kiolesura chake lilikuwa uamuzi wa kiistilahi: likopwe, litafsiriwe au libuniwe? Programu hiyo iliundiwa mifumo ya wakati wake. Windows XP, mmojawapo wa mifumo iliyotamba siku hizo, uliacha kuhudumiwa na Microsoft mwezi wa Aprili 2014.

Mfikirie basi mwanafunzi wa uzamili anayetafiti istilahi hizo. Orodha ya maneno haimtoshi; anataka kuyaona maneno yakifanya kazi mahali pake, mbele ya mtumiaji. Kitabu cha kale humdai msomaji macho na ujuzi wa hati iliyotumika. Programu ya kale humdai zaidi ya hayo: humdai mfumo ulioiendesha. Mfumo ukitoweka, programu hubaki bubu hata kama diski yake ni nzima. Kwa tarakilishi ya kidhahania, mwanafunzi huyo aweza kuualika mfumo wa zamani nyumbani mwake, akaukatia intaneti kwa usalama, kisha akaisoma programu kama asomavyo matini nyingine yoyote.

Ukarimu huo una gharama. Mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 itahema ikipokea mgeni mzito. Gigabaiti 8 ni afadhali. Aidha, mgeni akiwa Windows huhitaji leseni yake mwenyewe, ilhali matoleo mengi ya Linux hayadai malipo.

Tumezoea kuhifadhi tenzi, riwaya na kamusi, na ni vyema. Hata hivyo, Kiswahili kimekwisha kuandikwa pia ndani ya programu, na sehemu hiyo ya historia yake haina rafu katika maktaba nyingi. Vyama vya wanafunzi na idara za Kiswahili zingefanya jambo la maana kuzikusanya programu hizo, pamoja na mifumo iliyoziendesha, kabla ya diski zilizozibeba kuchakaa. Atakayekuja kuandika historia ya istilahi zetu atahitaji kuzifungua, si kusimuliwa tu kwamba ziliwahi kuwapo.