Gari la Mbio kwa Pesa Haba

Huenda ukashangaa kuyakuta maneno ya turbo na giaboksi katika kurasa hizi, ambazo umezizoea kwa mazungumzo ya malezi na ya ibada. Lakini hivi leo katika mitaa yetu ya Mombasa sijui biashara inayowatoa vijana pesa zao na usingizi wao kama hii ya magari ya mbio yaliyokwisha kutumika. Si siku nyingi mtoto wa ndugu yangu alinijia baada ya sala ya isha, akaniambia, "Ami, nina laki sita. Nataka gari lenye nguvu, tena lisilonisumbua." Nilicheka, kwani maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka 2014, na yaliyonipata baadaye ndiyo nitakayokusimulia.

Wala usidhani kwamba naona ni dhambi mtu kupenda motokaa yenye nguvu. Mimi ugonjwa huu ulinishika mwaka 1997, nilipoona katika televisheni Colin McRae akishinda Safari Rally kwa Subaru Impreza ya buluu. Tangu siku hiyo sikupata kuiona Impreza njiani nisigeuze shingo. Basi ilipofika 2014 nilikuwa nimekusanya laki saba, nikamwambia dalali mmoja anitafutie, na siku ya pili tu akaniletea moja mpaka mlangoni, yenye turbo, yang'ara kama sufuria ya harusini.

Hebu tazama, ndugu msomaji, dalili zilizokuwa mbele ya macho yangu nisizione. Gari lilifika injini ikiwa moto, na injini yenye moto huwaka vizuri hata kama ni mbovu. Chini ya boneti palikuwa pameoshwa hata huwezi kuona tone la oili, na mwenye kuosha huenda ana anachokificha. Kifuniko cha rejeta sikukifungua, kwani kilikuwa moto. Nikaliendesha robo saa mjini, mahali palipo tambarare, nikakanyaga mafuta mara moja, turbo ikapiga mluzi, nami akili yangu ikaenda na mluzi ule. Nilipouliza kama lina kasoro, dalali alijibu kwa kiapo. Nilitoa laki saba zote, nisibakishe hata za kubadilishia oili.

Wiki ya tatu mama yangu alitaka kwenda Voi, kwenye khitma ya jamaa yetu. Tulipokuwa tukipanda Mazeras mshale wa joto ulianza kupanda nao. Nilizima kiyoyozi, nikapunguza mwendo, haukufaa kitu. Mara mvuke ukajaa mbele ya kioo, gari likafa. Mama yangu, mwenye umri wa miaka sabini na mbili, alikaa chini ya mnazi kandokando ya barabara saa mbili na nusu, malori yakimpita na vumbi lake, asinilaumu hata kwa neno moja. Afadhali angenilaumu.

Fundi alipoifungua injini aliniita nikatazame. Gasketi ya kichwa cha injini ilikuwa imeungua, na kichwa chenyewe kilikwisha kukwanguliwa kabla hata hakikubali kukwanguliwa tena. Ndani ya rejeta mlikuwa na dawa ya kuzibia nyufa, ile inayomiminwa ili gari lisichemshe kwa siku chache. Kosa halikuwa la waliolitengeneza gari. Lilikuwa la mwenye nalo aliyelichemsha akanyamaza, na langu mimi niliyenunua kwa masikio. Kulitengeneza sawasawa kulihitaji laki mbili na nusu, nami mfukoni sina.

Fundi akanitazama, akaniambia, "Bwana, tutalifunga, tutie dawa kama waliyotia wao. Litakwenda mwezi mzima. Wewe uza. Hata wewe si uliuziwa hivi hivi?"

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, kwani mpaka hapo mimi ni mtu aliyedhulumiwa, na aliyedhulumiwa hana la kuona haya. Nilikubali. Lilifungwa, likatiwa dawa, likaoshwa. Akaja kijana mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa karibu kuoa. Aliniamkia kwa adabu, akalizunguka lile gari kama nilivyolizunguka mimi, kisha akaniuliza, "Mzee wangu, halina kasoro?" Nikamjibu, "Mimi nimelitumia, nimekwenda nalo safari." Si uwongo! Nilikwenda nalo safari, nikafika Mazeras. Akanipa elfu hamsini za arubuni, tukaagana alete zilizobaki kesho yake.

Usiku ule sikulala. Kila mmoja wetu amekwisha kuisikia habari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikatoka na umajimaji. Mwenye nafaka alisema ni mvua, na Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona. Habari hiyo nimeisoma tangu chuoni, nami sikuzote nilijiona kuwa ni mpita njia pale sokoni. Usiku ule nilijiona kuwa ni mwenye nafaka. Tena yule alikuwa na mvua ya kusingizia. Mimi dawa niliimwaga mwenyewe.

Alfajiri nilimpigia simu mwalimu, nikamwambia yote, nikamrudishia elfu hamsini zake. Alinishukuru, lakini hakunitazama usoni, na mpaka leo tukikutana njiani salamu yake ni fupi. Gari nikamwuzia fundi mwingine laki mbili na themanini, naye alijua kila kitu. Hesabu utafanya wewe mwenyewe.

Utaniuliza, kwa nini sikumrudishia dalali? Sheria yetu inampa mnunuzi haki hiyo: ukigundua aibu iliyokuwamo kabla hujanunua, waweza kukirudisha kitu na kudai pesa zako, ila usikawie na usikitumie baada ya kujua. Nilimwendea. Alisema yeye ni mtu wa kati tu, mwenye gari amesafiri. Nami jina la mwenye gari nilikuwa sikuliangalia hata katika hati. Siku hizi jambo hilo ni jepesi: toa ada kidogo kwa Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, upekue nambari ya gari, utaonyeshwa ni la nani na kama limewekwa rehani kwa mkopo. Asiyetaka upekue, mwache na gari lake.

Miaka miwili baadaye nilinunua tena, na safari hii nilikwenda kama anayeposa, siyo kama anayependa. Kwanza niliigawa pesa kabla ya kuona gari lolote: katika kila shilingi tatu, mbili za kununulia na moja ya kulitengeneza. Gari la mbio lililotumika hununuliwa mara mbili, msomaji. Mara ya kwanza kwa mwenyewe, na mara ya pili kwa fundi: oili na maji yote yabadilishwe, breki, matairi, na ule mkanda wa injini ambao katika nyingi ya injini za aina hii hutakiwa kubadilishwa kila kilomita laki moja au karibu na hapo. Ukikatika ukiwa mwendoni, huenda injini yote ikaharibika.

Pili, niliiacha turbo. Si kwamba turbo ni mbaya. Turbo ni kifeni kidogo kinachozungushwa na moshi wa injini, kikasukuma hewa zaidi ndani ili petroli zaidi iungue. Huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na kinachokilinda ni oili safi tu. Basi wewe unayenunua mkono wa nne au wa tano wajuaje kama wote waliotangulia walibadilisha oili kwa wakati? Kwa sheria ya Kenya gari linaloingizwa lisipite umri wa miaka minane, kwa hiyo haya ya kale ya bei nafuu yote yamekwisha kupita katika mikono ya humu humu na mashimo ya humu humu. Mwenye pesa haba na achague nguvu iliyo nyepesi kuitunza. Mimi nilichukua Toyota Altezza, gari lililotengenezwa tangu 1998 hadi 2005, lenye injini ya lita mbili isiyo na turbo na giaboksi ya gia sita. Haliruki kama Impreza, lakini kona hulikata vizuri sana. Tena nilichagua ambalo halijachezewa. Ekzosi kubwa na springi zilizokatwa ni alama kwamba aliyekuwa nalo alilikamua.

Nililiendea baada ya sala ya alfajiri, nikaweka kiganja juu ya boneti: baridi. Nikafungua rejeta, maji safi. Nikafungua kifuniko cha oili nikatazama chini yake, kwani utandu mweupe kama maziwa ni dalili ya maji kuingia katika oili. Likawashwa mbele yangu nikiwa nyuma natazama moshi. Wa buluu ni oili inaungua, na mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto ni maji. Sikuona hata mmoja. Kisha nikalipandisha Mazeras, kiyoyozi kikiwa wazi, nikitazama mshale kuliko nilivyotazama njia, Mwenyezi Mungu anisamehe.

Yote haya nilimweleza yule kijana wangu, tukaanza kutafuta pamoja. La kwanza tulilikuta na boneti ya moto. Mwenyewe alidai ametoka sokoni sasa hivi. Tulimwambia tutarudi kesho alfajiri, naye hakupokea simu tena. La pili lilikuwa la mzee mmoja wa Malindi. Hata boneti hatujaifungua, alitoa daftari la shule lenye tarehe za oili kwa mkono wake, kisha akasema, "Klachi yake imekwisha, haifiki miezi miwili. Na dirisha la nyuma halishuki." Akataja bei, akaipunguza mwenyewe kwa ajili ya klachi.

Kijana akanivuta kando. "Ami, gari lina ubovu wote huo, na mwenyewe anakiri!"

Nikamwambia, "Toa pesa, mwanangu, kabla mtu mwingine hajafika." Akatoa, shingo upande. Njia nzima kutoka Malindi alikuwa akiisikiliza ile klachi na kunung'unika, mimi nikiwa nimelala.