Goma: Michoro ya makala iliyobaki kwenye telefone

Mchoraji mmoja kijana, mzaliwa wa Sake, alifika katika kambi ya Bulengo, magharibi mwa mji wa Goma, mwezi Februari 2024, wakati vita vilipokaribia kwao. Alikuwa na mke, watoto wawili, godoro moja na telefone yenye kioo kilichopasuka. Kule Sake aliishi kwa kuandika mabango ya maduka na saluni. Kambini hakuna aliyehitaji bango, na rangi zake zilibaki nyumbani.

Akaanza kuchora kwa makala ya kupikia, juu ya karatoni za biskuti. Alichora aliyoyaona: foleni ya maji, turubai juu ya mawe meusi ya volkano, vijana wakisukuma chukudu zenye mizigo ya watu. Jioni alipiga picha michoro hiyo na kuiweka kwenye statu ya WhatsApp. Kuchaji telefone ilikuwa franka 500, na mega alizinunua siku alizopata kibarua. Mke wake alimuuliza zaidi ya mara moja kama watoto watakula mega. Hakuwa na jibu.

Binamu yake anayeishi mjini akamfungulia ukurasa wa Facebook. Baada ya miezi miwili, mchoro wa foleni ya maji ulichukuliwa na ukurasa mwingine wenye wafuasi wengi. Watu waliusifu, wakauliza ni nani aliyechora. Hawakujibiwa. Yeye alipoandika kwamba kazi ni yake, mtu akamwambia alete ushahidi. Hakuwa nao, maana hakuwa ametia jina, wala mwezi, wala mahali.

Mzee aliyemfundisha kazi ya mabango, ambaye naye alikuwa amekimbilia Goma, alimkumbusha habari za Chéri Samba. Yeye pia alianza kwa mabango kule Kinshasa. Mwaka 1975 alifungua karakana yake, akawa anaonyesha michoro yake nje, na akatia maneno ndani ya picha ili mpita njia asimame asome. Leo kazi zake ziko katika makumbusho ya Ulaya na Marekani.

«Facebook ni barabara tu, mwanangu,» mzee alimwambia. «Anayepita hakujui. Mwandikie.»

Tangu siku hiyo alitia jina lake ndani ya mchoro wenyewe, karibu na katikati, mahali ambapo mtu hawezi kulikata bila kuharibu picha. Chini ya kila mchoro aliandika sentensi mbili, mahali, mwezi, bei kwa dola na namba ya telefone. Alipiga picha asubuhi, kivulini, bila kivuli chake mwenyewe kuingia. Aliweka kazi mpya Jumatano na Jumamosi tu, ili mega zitoshe na watu wajue siku ya kungoja. Kila aliyeuliza alijibiwa, hata asiyenunua. Mwalimu mmoja wa Goma ndiye aliyekuwa wa kwanza kununua, kwa dola 10 zilizotumwa kwa telefone. Waliofuata aliwaomba nusu ya malipo kabla ya kuanza kazi. Siku hiyo mke wake alinunua unga na mafuta, na habari ya mega ikaisha.

Lakini palitokea jambo ambalo halikumpendeza. Alichora mama mmoja jirani akiwa ameketi mbele ya turubai, sufuria tupu mbele yake. Mchoro ulipendwa kuliko yote. Baada ya siku tatu yule mama alikuja akiwa na hasira. Mkwe wake aliyeko Uganda alikuwa ameuona.

«Ulinichora nikiwa na njaa,» alisema. «Uliniuliza lini? Mimi nilikuwa na shamba la maharagwe. Mbona hilo hukulichora?»

Kijana aliufuta mchoro huo palepale, ingawa mtu alikuwa tayari ameuliza bei. Kisha aliketi na yule mama, akamsikiliza akieleza shamba lake: mgomba ulisimama wapi, njia ya kwenda mtoni ilipita wapi. Akalichora na yeye akiwa ndani, jembe begani. Alimwonyesha kwanza, akauliza kama auweke kwenye ukurasa. Mama akakubali, akataka na jina la kijiji chake liandikwe. Toka hapo hakuchora uso wa mtu bila kumwomba ruhusa.

Vita vilifika Goma mwishoni mwa Januari 2025. Benki zilifungwa, na mwezi Februari watu waliondoka kambini, wengi wakirudi kwa miguu katika vijiji ambavyo havikuwa na nyumba tena. Kijana huyo alibeba watoto na godoro. Karatoni zake ziliachwa chini ya turubai, zikalowa mvua na kuharibika zote.

Alipopata mega tena, akiwa Sake katika nyumba isiyo na milango, alifungua ukurasa wake. Michoro ilikuwapo, kila mmoja na jina lake, mwezi na mahali. Mwalimu wa Goma, ambaye mchoro wake ulipotea katika vurugu za siku zile, alikuwa ameandika akiomba uchorwe upya. Pesa taslimu zilikuwa haba, kwa hiyo wakakubaliana alipe kidogo kidogo.

Kabla ya kuuanza huo wa mwalimu, kijana alichora upya shamba la maharagwe. Yule mama naye amerudi, na shamba lake limejaa magugu. Aliuomba mchoro autundike ukutani, na hakulipishwa kitu.