Mpanda siku ya sare: watoto wale kwanza, viatu baadaye

Wiki ya kwanza ya Januari, stendi ya Mizengo Pinda mjini Mpanda hujaa watu wenye orodha mkononi. Madaftari, viatu vyeusi, soksi, sweta. Na kwa anayekwenda bweni, tranka, godoro na ndoo. Wengi wametoka mbali: Karema na Ikola kandokando ya Ziwa Tanganyika, Inyonga upande wa Mlele, Majimoto na Usevya kule Mpimbwe, Mishamo. Waliamka usiku, watoto wamelala garini, na kilichoingia tumboni ni andazi moja la njiani.

Kosa la kwanza la siku hufanyika hapo hapo. Mzazi anajiambia, "Tununue kwanza, tutakula tukimaliza." Ikifika saa saba mchana, mtoto wa miaka sita amekaa chini mlangoni pa duka la viatu, analia, hataki kujaribu hata jozi moja. Mama naye amechoka, ananunua namba ya kukisia. Kiatu kikibana baada ya kufika nyumbani, nauli ya kurudi Mpanda kukibadilisha inaweza kuzidi bei ya kiatu chenyewe. Sahani moja ya wali ingeokoa yote hayo.

Kwa hiyo asubuhi ianze na chai. Kuzunguka stendi na masoko kuna mama lishe wanaowasha moto mapema, na mapishi yao ya asubuhi ni yale yale ya miji yetu mingi: chai ya rangi au ya maziwa, chapati, vitumbua, supu ya ng'ombe au ya mbuzi. Katavi haina shida ya ng'ombe. Wafugaji wa Kisukuma walishahamia huku na mifugo yao, na nyama na maziwa vinapatikana. Supu na chapati moja ya kugawana inawatosha watoto wawili hadi mchana. Ulizeni bei kabla ya kukaa. Si aibu, na mama lishe mwenyewe hakasiriki.

Mchana ndipo Mpanda inapokuwa na jambo la kujivunia. Mji uko kati ya ziwa na bonde la mpunga, na sahani inaonyesha hivyo. Wali unaweza kuwa wa mchele wa Mpimbwe, na samaki akawa mgebuka wa Tanganyika, wa kukaanga au mkavu aliyeungwa kwa nyanya na karanga. Anayependa ugali atapata dagaa. Dagaa wanaliwa wazima bila wasiwasi, ila mgebuka una miiba. Mtolee mtoto mdogo nyama yake kwa vidole vyako, usimwachie sahani ukaenda kupatana bei ya godoro.

Bei ya samaki haikai sehemu moja, na sababu si uchoyo wa muuzaji peke yake. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Mapumziko ya namna hiyo yakija, maharage na mboga za majani ndiyo kimbilio. Na mvua zikishakolea, uyoga wa msituni huuzwa barabarani. Ununuliwe kwa anayeujua, upikwe nyumbani. Siku ya safari si siku ya kujaribu uyoga usioufahamu.

Jambo la kuangaliwa kwa macho mawili ni maji. Januari ni katikati ya mvua, na kipindupindu kimeshaupiga mkoa huu zaidi ya mara moja. Pa kula pachaguliwe kwa mambo ambayo hata mtoto anayaona: kuna ndoo ya maji yenye koki na sabuni, chakula kinapakuliwa kikiwa na moto, sahani hazisuuzwi kwenye beseni moja tangu asubuhi, choo kipo na kina maji. Banda la mabati lenye hivyo ni bora kuliko mgahawa wenye vioo usio navyo. Juisi ya embe inavutia, maana maembe ndiyo msimu wake, lakini iliyotiwa maji au barafu isiyojulikana ilikotoka iachwe. Embe zima, lililooshwa na kumenywa na mzazi mwenyewe, ni salama na rahisi zaidi. Maji ya kunywa yatoke nyumbani yakiwa yamechemshwa, kwenye chupa ya kila mtoto.

Na kina baba? Hapa kuna maneno kidogo. Nchi ya asali haikosi wanzuki, na fedha ya tumbaku au mpunga ikiwa mfukoni, kilabu huwa karibu kuliko duka la sare. Familia zilizokwisha kuungua zina utaratibu: orodha ya shule inamalizwa kwanza, nauli ya kurudi inawekwa kwa mama, kinachobaki ndicho kinazungumzwa. Baba mwenye busara anaagiza soda pamoja na wanawe, wanacheka, siku inaisha.

Asali yenyewe ni ya kubeba nyumbani. Misitu ya Mlele na Inyonga inajulikana kwa nyuki, na chupa zake zinauzwa mjini. Ikiganda si lazima iwe imechanganywa na sukari; asali halisi nayo huganda. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe hata kidogo, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kupambana navyo.

Wanaorudi kusini hupita Sitalike, chini ya kilomita 40 kutoka mjini, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyoanzishwa mwaka 1974. Hapo kuna Mto Katuma na viboko wake, na watoto hupiga kelele za furaha wakiwaona. Wawaone wakiwa darajani na wakiwa wameshikwa mkono. Kiboko hutoka majini jioni kutafuta majani, na ukingo wa mto si mahali pa kula chipsi.

Kabla ya gari la alasiri, nunueni cha njiani: mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi mbivu. Vyakula vyenye mchuzi humwagika juu ya sare mpya, na hilo halihitaji kuelezwa kwa aliyewahi kulishuhudia.

Kisha kila familia hununua isichokuwa nacho kwao. Wa Karema hawahangaiki na samaki, wanapakia mchele. Wa Inyonga wanaacha asali kwa wengine, wanafunga migebuka mikavu kwenye gazeti na kuisukuma chini ya kiti, mbali na begi la madaftari. Kondakta analalamika harufu. Mtoto ameshalala, viatu vipya amevipakata, na vinamtosha.